Train ya Mbao Yenye Iliomba Uzito

Ninyi benye muko pa mulango, muingie basi! Baridi ya Butembo inaingia bila kubisha hodi, ninyi munangoya nani abakaribishe? Bamama, mushushe bikapu. Na weye mwenye kutafuna muwa, tafuna polepole. Leo sitaki mutu asikie nusu ya habari, kisha aende kuiongezea uongo ku soko. Uongo miye mwenyewe niko nayo ya kutosha.

Banasema miye nilitengenezaka train. Ni kweli. Train ya mbao, hapa hapa Mususa, ile wakati ya vita ya pili ya Congo. Mucheke tu. Miye pia nilichekaka, mwanzo.

Kazi yangu munaijua: chukudu. Kwa mugeni mwenye hajui, chukudu ni kinga, ni kusema baiskeli, ya mbao, magurudumu mbili, haina moteri, haina pedali, haina hata haya. Unaipakia viazi ao makala ya kupikia, unaisukuma mupaka juu, unapanda, unaiachilia. Mulima njo moteri yake. Nimechonga chukudu mingi, ukizipanga ku mustari, ya kwanza iko ku mulango yangu, ya mwisho iko Mabalako inaomba maji ya kunywa. Ku shule nilifikaka mara moja tu, kutengeneza mabanki ya kukalia batoto.

Mudogo yangu, ule mwenye alinifuata ku titi ya mama, njo alikuwa anatembeza chukudu yangu ya muzuri kupita zote. Mutu mukubwa, ameoa, shingo kama ya ng'ombe dume. Alikuwa anashusha chumvi na sabuni, anarudi na mupunga na mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese. Siku moja, ku barrière ya upande wa Mabalako, basoda banamusimamisha, banafungua mizigo. Banapata chumvi, banapata sabuni, banapata chupa ya maji.

— Hii maji ni ya nini?

— Ya kunywa, chef.

— Ya kunywa, ao ya kujimwangia?

Munakumbuka: bale ba mu pori, ba Mai-Mai, balikuwa banajimwangia maji, banasema masasi ya bunduki haitabaingia. Basi mutu yeyote mwenye chupa ni Mai-Mai. Ile mwaka kusikia kiu ilikuwa kosa kubwa. Mvua ikinyesha, karibu bakamate muji muzima. Lakini mudogo yangu na mudomo yake! Alibajibu: "Chef, kama hii maji inazuia masasi, mungeniona natetemeka hivi?"

Balimupeleka Beni, balimutia mu shimo. Sisemi gereza. Shimo. Udongo chini, mabati juu, na jua ya Beni ikishapiga ile mabati, mutu anaiva kama kiazi mu jivu. Bibi yake alienda kule mara saba na sahani ya obundu, ugali ya muhogo, na sombe, majani yake. Mara saba basoda balipokea sahani na mikono mbili, balisema "merci, mama", balikaa chini, balikula mbele yake. Mara ya munane balimuuliza juu ya nini anapunguza chumvi.

Sasa mukubwa wa bale basoda. Alitoka mbali, jimbo ingine kabisa, alikuwa anasema Lingala, na Swahili ya kukamata-kamata. Mutu munene. Tumbo yake ilikuwa inaingia mu nyumba asubui, yeye mwenyewe anafika saa sita. Kule Beni alionaka cassette ku nyumba ya video, train ya kuchezea ya Bazungu, ile banaita montagne russe, mulima ya Barusi. Kuanzia ile siku roho yake haikutulia. Alipanda jeep, akafika ku atelier yangu.

— Yo, moto ya chukudu! Yaka awa! Weye mutu wa chukudu, kuja hapa!

— Niko, chef.

— Unajua montagne russe?

— Chef, milima yetu ya Banande yote najua. Ya Barusi sijafika.

— Ni train ndogo. Batu banakaa ndani. Inapanda juu, inaanguka, inapinda, inapanda tena. Batu banalia, kisha banafurahi.

Mu roho nilisema: kulia tunaijua muzuri, ni ile sehemu ya pili yenye imetupotea. Mais ku mudomo nilisema:

— Chef, juu ya nini hamujengi Beni, pa nyumba yenu?

— Beni iko plat kama meza. Nataka mulima. Siku ya anniversaire yangu, siku nilizaliwa, ikuwe inatembea.

Pale njo nilipiga magoti. Nilimueleza shimo, nilimueleza chupa. Alijikuna tumbo kwa muda murefu, juu kulikuwa nafasi mingi ya kukuna. Kisha akasema, mbele ya batu bote ba atelier:

— Train ikitembea, ndugu yako anatoka.

Basi. Tulikata kalitusi ya tata, baba yetu. Ile pori ndogo alipandaka ili sisi batoto tujenge manyumba. Kila muti ukianguka mama alikuwa anatoka inje, anautazama, anarudi ndani. Alikuwa na batoto babili, na pori moja. Alihesabu haraka.

Sasa musikilize muzuri, juu hapa njo kichwa yangu iliungua mupaka nywele zikatoka moshi.

Kwanza sikujua kilima ya pili ikuwe na urefu gani. Nilipasula bambu katikati, nikailaza ku udongo: inashuka, inapanda, inashuka. Nikaachilia limao. Kilima ya pili ikiwa sawa na ya kwanza, limao inafika karibu ya juu, inafikiri kidogo, inarudi. Nikapunguza ile kilima, inapita. Donc nilielewa: train haina kitu kingine isipokuwa ile ilipata ku kilima ya kwanza. Mu njia inaipoteza kidogo kidogo, kwa kusugua, kwa upepo, na hakuna mutu wa kuirudishia. Kila kilima lazima ikuwe fupi kupita ile yenye iko nyuma yake. Nilikula limao mia moja mupaka meno yakakufa ganzi, juu nilikuwa na hasira na kila yenye ilirudi nilikuwa naikula.

Rail nilichonga ku kalitusi. Kalitusi mubichi ni muongo kunipita miye: leo imenyooka, kesho imejipinda kama inacheza rumba. Tuliikausha mu moshi wiki tatu. Juu yake tulipigilia chuma nyembamba ya mapipa ya mafuta, ili gurudumu isikule mbao. Kati ya rail mbili nilikata kijiti cha kipimo. Kila hatua naweka kijiti; kikiingia bila kulegea, naendelea. Ila ku kona nilipanua upana wa ukucha, juu wagon ni ndefu, na kona haipendi kitu kirefu.

Ile kona! Ku chukudu, ukifika ku kona, weye mwenyewe unainamisha mwili. Train haina mwili wa kuinamisha. Basi njia njo inainama pa nafasi yake: rail ya inje unainyanyua, ya ndani unaiacha chini. Mara ya kwanza nilisahau. Wagon ilienda tout droit mu shamba ya mulamu yangu, ikavuna mihogo yote, hata yenye ilikuwa haijapandwa.

Ku kichwa ya kilima tena, wagon ikifika na mbio, inaruka. Magurudumu inaona mbingu! Nikapiga akili: unashikaka fimbo namna gani? Kidole gumba juu, bingine chini. Basi kila pembe ya wagon nilitia magurudumu tatu. Moja inapanda juu ya rail, inabeba. Moja iko pembeni, inaongoza. Na moja iko chini, inakumbatia rail kwa tumbo, isiruke. Ile ya chini niliikaza na ressort, ile chuma ya kujikunja na kujikunjua, ya kiti ya camion. Rulema, zile goroli za kuzungusha gurudumu, nilitoa ku magari yenye yalikufa ku barabara, na ile wakati magari yaliyokufa yalikuwa mingi kupita yenye kupumua.

Ya kupandisha train ilikuwa kamba na salongo, ile kazi ya lazima yenye mukubwa akiamuru, kila nyumba inatoa mutu. Kati ya rail nilitia meno ya mbao, na chini ya wagon kipande cha lame, ile chuma bapa ya chini ya gari. Ikipanda inalia ka-ka-ka-ka. Kamba ikikatika, lame inaingia ku jino, train inakaa pale, hairudi nyuma kuponda batu. Ku mwisho nilipanga tairi za zamani pande mbili. Wagon ikiingia kati, tairi zinaikandamiza mbavu mupaka inasimama yenyewe.

Wagon tatu, batu babili babili, donc batu sita. Nilimufundisha mukubwa: "Chef, kushoto na kuume uzito ikuwe sawa, ao ku kona train inalala." Alifurahi kupewa somo. Alirudia mbele ya basoda yake kama ni yeye alivumbua.

Sasa kosa yangu. Isikieni, juu ni kosa ya mutu wa chukudu, mwalimu wa kweli hangeifanya.

Train unaijaribu na uzito, si na batu. Na kwetu benye chukudu, mutu ni sac. Ukiomba tukubebe, tunakupangia nafasi ya sac moja ya kahawa, kilo makumi sita, tunafunga kamba, tunaenda. Hatukupimi. Tangu bankambo, babu za babu zetu, mutu mukubwa ni sac moja. Basi niliomba sac sita. Basoda balizitoa ku depot yao, sac za kahawa zenye balijaza maharagi. Ile maharagi niliijua kwa sura: ilikuwa yetu.

Sac sita zilikaa mu wagon kama bazee ba kanisa. Tukaachilia. Zilishuka, zikapanda kilima ya pili polepole, zikapita juu yake kama mama muzee anavuka maji, zikaenda. Mara kumi tulijaribu, mara kumi zilipita. Nilikaza ressort za chini kidogo zaidi, juu ya usalama. Bado zilipita, mais kwa shida. Nikasema: inatosha. Sac ni mutu, mutu ni sac.

Siku ya anniversaire ikafika. Mususa yote ilikuwa pale, juu balipita nyumba kwa nyumba kutufukuza tuje kufurahi. Fanfare ya tarumbeta, kasiksi ile pombe ya ndizi, kiti kubwa ya mukubwa, na bibi yake anavaa kofia pana kama mwavuli. Mukubwa akasema:

— Kwanza tujaribu na batu.

Basoda bakaanza kutazama mawingu. Yeye akacheka:

— Si ninyi. Muniletee bale ba Mai-Mai.

Camion ilitoka Beni asubui ile. Batu sita bakashuka. Miye nilitafuta shingo ya mudogo yangu. Sikuiona. Niliona mutu moja anavaa shati ya mudogo yangu, shati inamuning'inia kama ku musumari, na hasira ikanipanda: huyu mwizi gani aliiba shati ya mudogo yangu? Nilitaka kumushika. Mwizi akafungua mudomo, akaniita "yaya", ndugu yake mukubwa.

— Yaya, banasema ni weye ulitengeneza hii.

— Ni miye.

— Inaua, ao inachezesha?

— Inachezesha.

— Basi ni kitu cha kwanza chenye kinachezesha tangu nifike kwao.

Nilimufunga mukanda ku tumbo. Tundu za mukanda hazikutosha. Nilizungusha mara mbili.

Salongo ikavuta. Ka-ka-ka-ka mupaka juu. Nikatoa kizuizi. Train ikashuka na makelele, batu sita mikono juu, bamama bakapiga mayowe. Ikaingia mu bonde, ikaanza kupanda kilima ya pili. Ikapanda. Ikapanda polepole. Ikafika karibu ya kichwa, pale limao zilikuwa zinafikiri. Ikafikiri. Ikarudi.

Ikarudi kinyumenyume mu bonde, ikapanda kidogo kule yenye ilitokea, ikashuka tena, ikaenda, ikarudi, kama mutoto mu mugongo wa mama. Mwisho ikasimama chini kabisa. Batu sita bakakaa pale, bakatutazama. Mususa yote, batu elfu na elfu, na ungesikia inzi akijipangusa miguu.

Miye nilielewa mara moja. Ile magurudumu ya chini, yenye nilikaza na ressort, inakamata rail na nguvu ileile, ukuwe umejaza ao uko mutupu. Train nzito inavuta, inapita. Train nyepesi inashikwa. Njia ilikuwa njia ileile. Ni sac zenye zilipungua.

— Fundi! — mukubwa amesimama. — Hii ni sabotage!

— Hapana, chef! Ni uzito.

— Uliomba batu sita. Nilikupa batu sita.

— Batu beko, chef. Uzito njo haiko.

— Uzito ilienda wapi?

Miye mwenye mudomo hii yote munaona, miye mwenye kupelekaka chukudu mupaka Mabalako kwa maneno tu, nilitazama bale basoda ba shimo. Bale basoda balitazama viatu yao. Shemeki yangu, bibi ya mudogo yangu, alikuwa ananitazama kutoka mu batu. Na miye nilisema:

— Pengine ni upepo, chef.

Upepo! Hata jani haikutikisika. Ile neno ingali hapa mu koo, kama mufupa wa samaki.

— Tia uzito, mukubwa akasema.

Basoda bakaleta maharagi. Kila mufungwa balimuwekea sac nzima ku magoti. Batu benye miezi ine hawakushiba, banakumbatia maharagi, maharagi yetu, tena mbichi! Salongo ikavuta tena; safari hii kamba ililia. Nikaachilia. Ilishuka kama radi, ikapanda kilima ya pili bila kufikiri, ikapita, ikaingia ku kona, ikainama muzuri, ikapita kilima ya tatu, ikaingia kati ya tairi, ikasimama. Na mutu wa wagon ya mwisho, ile yenye inavutwa kupita zote, hakulia, hakucheka. Alikuwa amepata tundu ku sac, anatafuna.

Mukubwa alipiga makofi mupaka saa yake ikatoka ku mukono. Alipanda yeye na bibi yake mara ine. Kwa tumbo ile hatukutia hata mbegu moja. Bibi alipoteza kofia, inaonekana ilienda kushuka Uganda.

Aliposhuka nilimufuata, kofia yangu mu mikono.

— Chef, train imetembea.

— Imetembea muzuri. Bravo.

— Chef, ndugu yangu.

Akawaza. Naapa aliwaza kweli, uso yake ilikuwa na huruma kidogo, kama mutu anatafuta namna.

— Shida ni moja, fundi. Kesho bakubwa benzangu banakuja kuona. Hii train inatembea na bale sita. Weye mwenyewe ulinifundisha: kushoto na kuume sawa. Nikimutoa moja, ku kona inalala.

— Chef, tia sac pa nafasi yake!

— Ndugu yako nilikuwa namukalisha bure. Sac ni ya jeshi. Jeshi itoe kilo makumi sita juu ya mutu moja? Hapana. Uzito kwa uzito. Lete bascule.

Balileta bascule ya depot, ile ya kupimia kahawa. Mudogo yangu akapanda. Alisimama muzuri, mikono mu mbavu, kama mutu anapigwa foto. Sindano ikatembea, ikachoka haraka, ikasimama pa kilo makumi tatu na ine. Soda wa depot alipiga bascule teke, akafikiri inakwama. Haikukwama.

Kisha bakatandika bâche, turubai, chini, bakaweka sac ya kilo makumi sita ku bascule pa nafasi ya mudogo yangu. Soda akafungua kamba ya sac, akaanza kumwanga maharagi ku bâche, konzi kwa konzi, anatazama sindano, anamwanga, anatazama, mupaka sindano ikasimama palepale. Akafunga sac. Bakaipeleka ku wagon ya kwanza, bakaifunga mukanda. Mukanda ulitosha mara moja.

— Voilà, mukubwa akasema. Mutu yenu mumuchukue.

Nilimushika mudogo yangu mukono. Ulikuwa mwepesi, nilifikiri nimeshika tu mukono ya shati. Tukaanza kutoka. Nyuma yetu soda akainama, akakunja pembe za bâche, akasema hii yenye inabakia, kilo makumi mbili na sita, inarudi ku depot.

Bibi ya mudogo yangu akamusukuma soda pamoja na bunduki yake, akajitupa na kikwembe chake juu ya ile maharagi, akapiga kelele:

— Usiguse! Hii yenye inabakia, njo bwana yangu!